Vibarua wa Tumbo la Baba

Jumapili, 2 Machi 2025

Leo ni wiki mbili na siku moja tangu niwe mke wa mtu, na bado nikiamka asubuhi natazama kwanza kama yupo. Yupo! Amelala, mkono umekunjwa chini ya shavu kama mtoto mchanga. Marvin Wesonga wangu. Nimeandika jina langu jipya mara nne kwenye jalada la daftari hili, Metrine Wesonga, kila mara kwa mwandiko tofauti, ili nichague.

Nimevuka mpaka tu. Kwetu ni Busia ya Kenya, hapa Masinya ni Busia ya Uganda, na pande zote mbili sisi ni Wasamia. Lakini hapa omena, yaani dagaa, wanaiita mukene, na mume wangu, anayeinunua ziwani Majanji na kuiuza sokoni kwetu, anasema mimi ndiye ninayekosea. Tumebishana mpaka uji ukaungua. Nimeshindwa kwa sababu ya macho yake.

Jumanne, 4 Machi

Nilitaka kuandika humu furaha tu. Leo siwezi.

Baba mkwe ana saratani ya puru, yaani mwisho kabisa wa utumbo, pale choo kinapongojea kutoka. Nilijua anaumwa, ila sikujua kwamba uvimbe uko chini namna hiyo. Wiki ijayo atapigwa mionzi siku tano Kampala, kisha dawa za dripu na vidonge hapa karibu, Tororo, mpaka mwisho wa Mei. Mwezi wa sita watampima. Uvimbe ukipungua vya kutosha, watamfanyia upasuaji na kuiacha njia yake ya choo. Ukikataa, njia itazibwa, naye atatolea choo kwenye mfuko uliobandikwa tumboni maisha yake yote.

Baba ndiye anayeimbisha kanisani, miaka ishirini na sita. Amesema ukiletwa mfuko wa maisha yote atakataa upasuaji. Afadhali alale na uvimbe wake mpaka umalize kazi.

Nesi Aguti alikuja kutoka Tororo kwa pikipiki. Kwa kabila ni Mteso, mnene, mcheshi. Anafanya kazi na watafiti. Alieleza kwamba wagonjwa wawili hupewa dawa ileile. Wa kwanza uvimbe unayeyuka, wa pili unabaki kama jiwe, na hakuna ajuaye kwa nini. Watafiti wanashuku kwamba bakteria wanaoishi tumboni wana mkono wao katika jambo hilo. Kwa hiyo wanaomba choo cha mgonjwa, kidogo tu, mara nne, kabla ya dawa na baadaye. Alitoa kikopo chenye kijiko ndani ya kifuniko. Marvin alipokiona alisimama akasema anakwenda kutazama gurudumu la pikapu. Gurudumu halikuwa na shida yoyote.

Karatasi za Aguti zilikuwa za Kiingereza, na yeye Kisamia hakijui. Mama mkwe alifariki zamani. Ikabidi nieleze mimi niliyemaliza kidato cha nne. Lakini kwa desturi yetu mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, hampi mkono, na hawasemezani ana kwa ana. Nilikaa barazani, yeye ndani, pazia katikati, kila mmoja akimsemesha Aguti ili mwenzake asikie.

Kwenye karatasi palikuwa na neno bakteria. Mimi nikasema wadudu. Kila mtu husema wadudu.

"Nesi," Baba akasema ndani, "uliza mugole kama hao wadudu ni wengi."

Mugole ni bibi arusi. Ndivyo ninavyoitwa hapa.

"Nesi, mwambie ni wengi mno, hawahesabiki."

Baba akasema, "Basi wape hiyo kikopo."

Jumatano, 12 Machi

Marvin yuko Kampala na Baba. Nimelala upande wake wa kitanda. Amepiga simu akasema, "Mke yangu, mashine ni kubwa kama nyumba, haiumi, lakini mimi naumia juu yako hauko." Nimeicheka sentensi hiyo siku nzima, na kuibusu pia, kama sentensi inabusika.

Jumamosi, 15 Machi

Wamerudi. Mvua pia imerudi. Sitaandika zaidi, mume wangu yuko hapa.

Ijumaa, 28 Machi

Jana Baba aliwekewa dripu ya kwanza Tororo. Aguti alikuwa ametuonya kwamba dawa hiyo haipatani na baridi, lakini kuonywa ni kitu kingine. Asubuhi Baba alishika kikombe cha maji akakiachia, vidole vikimchoma kama ameshika siafu. Sasa nampashia moto kila kitu, hata maji ya kunawa, na mpini wa jembe nimeuzungushia kitambaa ingawa halimi.

Hawezi kuniambia asante. Lakini jioni, yeye akiwa barazani kwake na mimi mlangoni mwa jiko, alimgeukia kuku mwekundu akasema, "Wewe, maji ya leo ni mazuri."

Nikamwambia kuku, "Karibu. Na uji uko tayari."

Kuku hakusema kitu. Nilicheka ndani ya shuka mpaka Marvin akauliza kama naumwa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Kuharisha kwa Baba kumeanza, dawa ndiyo inayoleta. Marvin yuko Majanji.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Marvin yuko Majanji. Huyu mume wangu ni mchapakazi jamani! Amenipigia mara tatu kuniuliza nimekula nini.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Marvin Majanji tena.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka! Dripu ya pili ilikuwa Alhamisi, na bado Baba aliimbisha, ameketi kwenye kiti, soksi mikononi kwa ajili ya baridi. Watu walidhani ni mtindo mpya wa Pasaka. Sauti yake imepungua mwili lakini imebaki na mifupa yote. Marvin alinishika mkono mbele ya kanisa zima na akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Marvin yuko Majanji tangu jana, na mvua imekata mtandao wa simu. Saa tisa mchana nilikuwa nafagia nyuma ya choo nikamwona kuku mwekundu anadonoa kitu kinachong'aa. Karatasi ya vidonge, tupu. Pembeni yake nyingine, na kwenye mashimo yake vipande vya kapsuli, nusu nyekundu, nusu njano. Rangi mbili! Nyumba gani haijui rangi mbili za dukani? Ni antibiotiki ya kuua bakteria, na katika karatasi za Aguti kuna mstari uliopigiwa wino: mgonjwa asimeze antibiotiki bila kutuuliza kwanza.

Hapa nyumbani tuko watu watatu. Mimi sijameza. Marvin haugui.

Nilisimama ukutani, chini ya dirisha la Baba, mgongo ukiwa kwenye dirisha. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi. Kuku alikuwa amejikinga karibu na miguu yangu, nikamshukuru Mungu.

"Kuku," nikasema, "hizi karatasi ni za nani?"

Kitanda kililia ndani. Kisha, "Kuku, mwambie ni za mimi."

"Kuku, muulize zilikuwa za ugonjwa gani."

"Kuku, mwambie si yeye alisema? Za wadudu."

Neno langu lile, la pale barazani.

"Walisema ni wengi, hawahesabiki," Baba akaendelea, sasa akisahau hata kumtaja kuku. "Na watu ya Tororo wanachukua tena Jumanne. Watafungua kikopo, watakuta wadudu ya Wesonga imejaa humo. Mtu akikualikia wageni unafagia nyumba. Mimi nilitaka wakute pahali safi."

Nilifungua mdomo kumjibu, na hapo hapo kumbikumbi wakaanza kutoka kwenye kichuguu, na kuku akawakimbilia. Nilibaki peke yangu na ukuta.

Sikuwa na wa kumwambia.

"Ameenda?" Baba akauliza.

"Ameenda, Baba."

"Basi sema wewe. Lakini usigeuke."

Sikugeuka. Niliuambia ule uwanja wenye matope, kichuguu na kumbikumbi wote, kwamba kosa ni langu. Nilisema wadudu kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu na ulimi. "Wale si wa kuua, Baba. Ni kama vibarua. Wamo shambani mwako tangu ulipozaliwa. Labda kuna wazembe, labda kuna na wezi, lakini wengi wanakulimia. Watu wa Tororo wanataka kuwajua, waone kama kuna wanaoisaidia dawa."

"Vibarua."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi nimewafukuza katikati ya palizi."

"Baadhi. Sijui wangapi. Umemeza siku ngapi?"

"Sita."

Nililia. Nilitegemea mvua inifiche lakini ilikuwa imeshakatika, akanisikia.

"Usilie, mugole. Wewe ulisema tu. Mimi ndiyo nilimeza, na soda juu yake." Mkono wake ukatoka dirishani, umevaa soksi, umeshika karatasi ya mwisho iliyobaki na vidonge vinne. Nilivipokea kwa ncha za vidole, tusigusane. "Sasa pigia huyo nesi. Mwambie Wesonga amefanya ujinga."

Tangu kikopo cha kwanza sikumuuliza hata mara moja alielewa nini. Wiki saba zimepita. Uvimbe ukikataa sasa, nitajua ni neno langu lililokataa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilipanda mlima wa shule kutafuta mtandao. Aguti alipokea.

"Ulimwambia neno gani?"

"Wadudu."

Alicheka, kisha akaacha. "Hata mimi nasema hivyo kila siku. Mugole, usijiue kwa mawazo."

Alimuuliza daktari: Baba aache vidonge hivyo mara moja, hana ugonjwa unaovitaka. Hatatolewa kwenye utafiti. Wataandika tarehe, jina la dawa na siku sita, basi, kwa sababu wanataka ukweli wa watu wanavyoishi.

"Na dawa ya saratani? Itashindwa?"

"Dada, ningejua ningekuambia. Hakuna anayejua. Ndiyo tunatafuta."

Jumanne, 29 Aprili

Siku ya kikopo. Marvin alikuwa amekubali kukipeleka Tororo kwa pikapu. Nilipoamka upande wake ulikuwa baridi. Ameacha ujumbe kwenye simu kwamba mukene wanatoka kwa wingi leo.

Baba alikiweka kikopo juu ya jiwe akaondoka, mimi nikakichukua, nikakiweka kwenye boksi la barafu. Nilipanda pikipiki na choo cha baba mkwe wangu magotini. Mama yangu akijua atavuka mpaka kwa miguu kuja kunichukua. Karibu na Busitema polisi alitusimamisha.

"Kwenye boksi kuna samaki?"

"Hapana, afande. Ni ya hospitali."

"Fungua."

Nikafungua. Akachungulia, akasoma kilichoandikwa, akasimama wima kama anapigia bendera saluti. "Mama, safari njema. Funga vizuri."

Dereva wangu alicheka mpaka Tororo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu: kila siku ya kikopo, kila siku ya kuharisha, hata siku ya dripu ya pili, mume wangu mchapakazi alikuwa na samaki.

Alhamisi, 1 Mei

Tumegombana kwa mara ya kwanza. Nilidhani tutakuwa tofauti na watu wengine.

Nilimwambia, "Marvin, hao mukene wako wanajua kalenda ya hospitali."

Akasema, "Mimi natafuta pesa ya mzee."

"Mzee hataki pesa. Anakutaka wewe. Mimi siwezi kuingia chumbani kwake, wewe unaweza. Anajifulia shuka mwenyewe na vidole vinavyochomwa na maji."

Alitoka. Nilidhani amekwenda kabisa. Nilimkuta nyuma ya pikapu, ameketi juu ya kreti, na nikaona kwamba huyu mwanamume mrefu niliyemwandika humu kama malaika ana mabega membamba sana akiketi hivyo.

"Mama alipougua mimi nilikuwa na miaka kumi na tano," akasema. "Phiona, dada yangu, alikuwa mdogo. Mimi ndiyo nilifua. Nikifua shuka ya mama, kesho inakuwa mbaya zaidi. Halafu siku moja hapakuwa na ya kufua. Sasa nikisikia mzee anakwenda choo, mimi nasikia mama anakufa tena."

Niliketi naye kwenye kreti. Lilivunjika. Tukaanguka wote wawili, tukabaki pale pale chini tukicheka na kulia. Nampenda zaidi ya tarehe 2 Machi. Wakati ule nilipenda macho.

Jumamosi, 10 Mei

Dripu ya tatu ilikuwa juzi. Marvin alimpeleka, akangojea nje ya mlango. Nje, lakini alingojea.

Jumatano, 14 Mei

Baba barazani, kwa kuku: "Vibarua wamerudi?"

Mimi, kwa kuku: "Nesi anasema wapewe muda. Ugali wa wimbi, mboga, na uji aliozoea."

"Basi pika nyingi. Hao watu wanakuja na njaa."

Jumatatu, 19 Mei

Mvua.

Ijumaa, 30 Mei

Dripu ya mwisho jana! Baba amekonda, ngozi ya viganja imebambuka. Leo Marvin amefua shuka. Nimemwona kupitia upenyo wa mlango wa jiko. Alianza, akaacha, akatazama mbali kuelekea mtoni, akaanza tena. Sikumwambia kwamba nimeona.

Jumapili, 8 Juni

Naota neno lile. Katika ndoto Aguti ananipa karatasi na mimi nalisema tena, na najua, na bado nalisema.

Ijumaa, 20 Juni

Kipimo cha picha na kikopo cha nne, siku moja. Marvin alikibeba kikopo mwenyewe, amekishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka, lakini alikibeba. Majibu Alhamisi.

Jumatano, 25 Juni

Baba hakula. Mimi sikula. Kuku alikula vya wote.

Alhamisi, 26 Juni

Tororo, chumba kidogo chenye meza moja. Baba na Marvin kwenye viti, mimi nimesimama mlangoni nikitazama ukuta, daktari na Aguti upande wa pili. Daktari ni mwanamke kijana, anasema Kiswahili cha Kampala, polepole.

Alisema uvimbe umepungua zaidi ya nusu.

Haukuisha. Lakini umejivuta juu, umeachana na njia. Tarehe 15 Julai watamfanyia upasuaji, na njia itabaki. Ila utumbo ulioshonwa unahitaji kupumzika, kwa hiyo kwa miezi mitatu atakuwa na mfuko tumboni, kisha watarudi kuufunga.

"Miezi tatu," Baba akasema.

"Mitatu, Mzee. Ukipona vizuri."

"Halafu mnafungua njia?"

"Tunafungua."

"Niandikie hapo na tarehe. Mimi nimeimbisha na soksi, na mfuko wa miezi tatu nitaimbisha. Lakini niandikie."

Akaandika. Nikakusanya nguvu, nikauliza kwa ukuta. Zile rangi mbili za Aprili, zilipunguza kitu? Bila zile uvimbe ungeisha?

Daktari aliweka kalamu chini. "Sijui," akasema. "Majibu ya vikopo yatachukua muda mrefu, na hata yakija, mtu mmoja hawezi kutupa jibu. Pengine ndiyo. Pengine hapana. Nisingependa kukudanganya."

Nilidhani jibu kama hilo litanivunja. Halikunivunja. Nimelibeba, lina uzito wake, nitalibeba. Baba alikohoa akasema, bila kumtaja kuku wala nesi, "Hiyo nilimeza mimi. Imekwisha."

Kisha Aguti akaweka mezani mfuko, mkasi na duara la kubandika. "Mtu mmoja wa nyumbani lazima ajifunze leo, juu ya tumbo la Mzee," akasema. "Atabadilisha mpaka Mzee azoee. Nani?"

Nilihisi chumba kizima kikinigeukia, kwa sababu tangu Machi kila kitu kimekuja kwangu. Na ningeweza. Ningesema ndiyo kabla hajamaliza swali. Lakini tumbo la Baba si langu kuliona, naye angekubali kwa kukosa mwingine, na aibu hiyo ingemlemea kuliko mfuko wenyewe. Nilifunga mdomo. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya msimu huu. Kwa pembe ya jicho nilimwona Marvin akitazama mlango. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinitazama mimi.

Alivua saa yake, akanipa niishike. Akakunja mikono ya shati.

"Osha kwanza," Aguti akasema. "Unanuka Majanji yote."

Niligeukia ukuta kabisa, kwa hiyo nilisikia tu. Maji. Mkasi ukikata, kisha Aguti akisema tundu limekwenda upande, kata lingine. Shati la Baba likifunguliwa kifungo. Pumzi ya mume wangu, fupi, kama mtu aliyebeba gunia. Kisha sauti ya gundi ikibanduka.

"Wewe!" Baba akalia. "Mimi si samaki ya kuparua!"

"Pole, Mzee. Ni nywele."

"Najua ni nywele. Ni za mimi."

Aguti alicheka, na daktari, na Marvin akacheka pia, kicheko chenye maji ndani yake. "Rudia," Aguti akasema. Alirudia. Akarudia tena. Saa yake ilikuwa bado na joto la mkono wake, nikaikumbatia kwenye kifua. Mara ya nne nikasikia mkono ukilaza kitu taratibu, kuanzia katikati kwenda pembeni, ukikikandamiza kote kote, bila haraka.

"Mzee, umeumia?"

"Hapana," Baba akasema. "Hiyo imekaa."